Citation CJ3 au Phenom 300: ulinganisho kwa mnunuzi wa jeti ndogo iliyotumika aliyeko Afrika Mashariki

Kampuni yenye ofisi Nairobi na Dar es Salaam, yenye shughuli Mwanza na Lubumbashi na wabia Johannesburg, inapofikia uamuzi wa kumiliki ndege yake, mara nyingi hujikuta mbele ya majina mawili. La kwanza ni Cessna Citation CJ3, inayotengenezwa Wichita, Kansas. La pili ni Embraer Phenom 300, iliyobuniwa Brazili na ambayo baadaye ilianza kuunganishwa pia Melbourne, Florida. Zote mbili ni jeti ndogo za injini mbili, zote zimeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja, na zote hupanda hadi futi 45,000, yaani takriban mita 13,700. Kwenye matangazo ya mauzo huwekwa pamoja kana kwamba ni ndugu. Aliyezifuatilia kwa karibu anajua kwamba zimeundwa kwa ajili ya wamiliki wawili tofauti, na gharama ya kukosea kati yake hulipwa kwa miaka mingi.

Hapa ninalinganisha CJ3 za kuanzia mwisho wa 2004 hadi 2014, mwaka ambao ilipokewa na CJ3+ yenye vyombo vipya vya Garmin, na Phenom 300 za kuanzia mwisho wa 2009 hadi 2017, kabla ya Phenom 300E kuanza kuwafikia wateja mwaka 2018. Huo ndio umri ambao mnunuzi wa mtumba hukutana nao zaidi, na ndio umri ambao kumbukumbu za matengenezo huwa na uzito kuliko rangi na viti.

Safari zako kwanza, kisha karatasi za mtengenezaji

CJ3 iliruka mara ya kwanza Aprili 2003 na kupata cheti Oktoba 2004. Ina injini mbili za Williams FJ44-3A, kila moja ikiwa na pauni 2,820 za msukumo, bawa lililonyooka, na uzito wa juu wa kuruka wa kilo 6,291. Kasi yake ya juu ya safari ni takriban kilomita 772 kwa saa, na mtengenezaji anaipa masafa ya takriban kilomita 3,470, akiba ya mafuta ikiwa imekwisha kutolewa. Phenom 300 iliruka mara ya kwanza tarehe 29 Aprili 2008 na kupata vyeti vyake Desemba 2009. Ina injini za Pratt & Whitney Canada PW535E zenye pauni 3,360 kila moja, bawa lililolazwa nyuma, na uzito wa juu wa kuruka wa kilo 8,150. Kasi yake hufika takriban kilomita 839 kwa saa na masafa yake takriban kilomita 3,650 ikiwa na watu sita.

Ukizisoma tarakimu hizo peke yake, Phenom inashinda kila mahali. Ziweke juu ya ramani yetu, na picha inabadilika. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 425, na sehemu kubwa ya safari hiyo ni kupanda na kushuka, hivyo tofauti ya kasi kati ya ndege hizi ni dakika mbili au tatu ambazo hupotea zote ukiambiwa usubiri zamu ya kutua. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, kama kilomita 845, utaokoa dakika tano hivi. Ni katika safari ya Nairobi hadi Johannesburg, kilomita 2,900 na ushee, ndipo Phenom inapoanza kudai haki yake: hufika karibu dakika 20 mapema, na hufika ikiwa na mafuta ya kutosha kumwacha rubani achague uwanja mwingine hali ya hewa ikiharibika, wakati CJ3 iliyojaa abiria hufanya safari hiyohiyo kwa hesabu za karibu zaidi.

Kuna safari moja ambayo wauzaji hupenda kuitaja wanapozungumza na wanunuzi wa kwetu, nayo ni Dubai. Nairobi hadi Dubai kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 3,550. Kwa CJ3 hiyo imetoka nje ya masafa. Kwa Phenom 300 imo ndani kwa karatasi, kwa tofauti ya kilomita 100 tu, lakini ndege haziruki kwenye mstari ulionyooka wa ramani: kuna njia za anga za kufuata, kuna maeneo ya kuepuka upande wa Somalia na Yemeni, na kuna upepo. Kutoka Dar es Salaam ni karibu kilomita 3,960, na hapo hata karatasi inakataa. Kwa hiyo mnunuzi anayesema kwamba anahitaji ndege ya kwenda Ghuba bila kusimama hapaswi kununua yoyote kati ya hizi mbili. Akikubali kusimama Salalah, Oman, kuongeza mafuta, zote zinaweza, Phenom ikiwa na nafasi pana zaidi ya kupumua.

Joto na mwinuko ndivyo vinavyoonea jeti ndogo katika ukanda huu. Watengenezaji hutangaza kwamba CJ3 huhitaji takriban mita 970 za njia ya kurukia na Phenom takriban mita 956, lakini tarakimu hizo ni za usawa wa bahari, kwenye hali ya hewa ya wastani. Uwanja wa Wilson wa Nairobi uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na njia zake zina urefu wa takriban mita 1,500. Hewa ikiwa nyepesi na jua la saa saba mchana likiwa limewaka, urefu unaohitajika na ndege yoyote kati ya hizi huongezeka kwa karibu nusu au zaidi. Kuruka kutoka Wilson kwenda Mombasa na abiria wanne ni jambo la kawaida. Kuruka kutoka Wilson kwenda Johannesburg na matangi yaliyojaa na viti vyote vimekaliwa ni jambo ambalo rubani mwaminifu atalikataa, na atakuomba uhamie Jomo Kenyatta, ambako njia ina urefu wa mita 4,117. Kabla ya kulipa senti ya amana, mwombe rubani akufanyie hesabu za kuruka kwa uzito, joto na viwanja vyako mwenyewe, kwa kitabu cha ndege hiyohiyo, si kwa kijarida cha mauzo.

Na ikiwa sehemu kubwa ya safari zako huishia kwenye viwanja vya murram, vya Mara au Serengeti, tafadhali acha kusoma ulinganisho huu. Cessna Caravan na Pilatus PC-12 zinafanya kazi hiyo kila siku kwa sababu ndiyo kazi yake, na jeti inayotaka kutua kwenye changarawe ni Pilatus PC-24, iliyopata idhini ya hilo mwaka 2018 na ambayo bei yake ni ya ngazi nyingine kabisa.

Ndani ya ndege

Hakuna mtu mzima wa kimo cha kawaida atakayesimama wima katika mojawapo. Chumba cha abiria cha CJ3 kina kimo cha meta 1.45, upana wa meta 1.47 na urefu wa meta 4.78, na cha Phenom kina kimo cha meta 1.50, upana wa meta 1.55 na urefu wa meta 5.23. Sentimita hizo chache huonekana ndogo kwenye maandishi, lakini watu sita wakikaa saa tatu na nusu wakitazamana huzihisi kwenye magoti na mabega. Sehemu za mizigo za Phenom hubeba takriban meta 2.4 za ujazo na za CJ3 takriban meta 1.8. Kwa familia inayosafiri na mabegi makubwa hiyo ni tofauti ya begi moja au mawili kuachwa.

Kuna jambo ambalo sijaona likipewa uzito unaostahili, nalo ni shinikizo la hewa. Ndege ikiwa kwenye kimo chake cha juu kabisa, hewa ndani ya Phenom hulingana na ya mahali penye mwinuko wa takriban mita 2,000, yaani juu kidogo ya Nairobi, wakati ndani ya CJ3 hulingana na ya takriban mita 2,440, ambayo ni karibu na kilele cha vilima vya Ngong. Mfanyabiashara wa miaka 65 mwenye shinikizo la damu, aliyezoea hewa ya pwani, atashuka Johannesburg akiwa na uchovu usiofanana.

Uwezo wa kubeba nao unahitaji kuelezwa kwa ukweli, kwa sababu idadi ya viti humpotosha mnunuzi. Ukijaza matangi ya CJ3, uzito unaobaki kwa abiria na mizigo, rubani akiwa mmoja, ni takriban kilo 350, yaani watu wanne na mabegi yao ya mkononi. Phenom hubakiwa na takriban kilo 500. Ukiweka rubani wa pili, na kwa safari zetu ninakusihi umweke, kila moja inapoteza abiria mmoja. Ndege yenye viti saba haimaanishi ndege ya watu saba kwenda Johannesburg.

Nani atairusha

CJ3 ilichorwa ikimfikiria mmiliki anayejirushia ndege mwenyewe. Bawa lake lililonyooka husamehe, kasi zake za kutua ni za chini, na idhini yake kwenye leseni inatoka katika jamii ileile ya CitationJet, CJ1 na CJ2, kiasi kwamba marubani wenye uzoefu wa jamii hiyo si adimu. Phenom nayo ina chumba cha rubani kilichopangwa vizuri sana, chenye skrini tatu za Garmin zilizopewa jina la Prodigy, na wengi waliohamia wakitokea kwenye ndege ndogo za Garmin husema waliizoea haraka. Lakini ni ndege nzito zaidi, yenye kasi zaidi, amri ya breki zake hupita kwa umeme badala ya nyaya na mirija kutoka kwenye kanyagio, na, kama CJ3, haina kifaa cha kurudisha nyuma msukumo wa injini baada ya kutua. Anayeingia kwa kasi kupita kiasi hana kitu cha kumwokoa mbele.

Tarehe 31 Julai 2015, Phenom 300 iliyokuwa na rubani mmoja na abiria watatu ilikuja kutua Blackbushe, Uingereza, ikapita mwisho wa njia na kuwaka moto, na wote wanne wakafariki. Wachunguzi walieleza kwamba ndege ilivuka mwanzo wa njia ikiwa na kasi kubwa mno kuliko ilivyotakiwa, baada ya dakika chache ambazo rubani alizongwa na maonyo ya vyombo mfululizo. Ninaitaja ajali hiyo kwa heshima ya waliofariki, na silaumu aina ya ndege, ambayo ina rekodi nzuri. Ninachosema ni kwamba ruhusa ya kisheria ya rubani mmoja haipaswi kugeuzwa kuwa mpango wa kubana matumizi. Ukinunua Phenom, ajiri marubani wawili. Ukinunua CJ3 na unairusha mwenyewe kwa saa za kutosha kila mwezi, kisha unarudi kwenye simuleta kila mwaka, rubani mmoja mchana wa hali nzuri ni jambo linaloeleweka. Ukiwa na nia ya kukodisha ndege kwa umma, mamlaka na kampuni za bima kwa kawaida zitakutaka uwe na wawili bila kujali umenunua ipi.

Injini na madaftari

Hapa ndipo fedha zilipo. FJ44-3A ya CJ3 hufunguliwa yote na kufanyiwa matengenezo makubwa ikifika saa 4,000, ikiwa imekaguliwa sehemu zake zenye joto kali katikati ya muda huo, saa 2,000. PW535E ya Phenom huenda hadi saa 5,000, na ukaguzi wa katikati huwa saa 2,500. Matengenezo makubwa ya injini mbili yanaweza kumeza sehemu kubwa ya thamani ya CJ3 ya zamani, na ndiyo sababu karibu kila mmiliki makini huiweka ndege yake kwenye mpango wa kulipia injini kwa saa: TAP wa Williams kwa CJ3, ESP wa Pratt & Whitney Canada kwa Phenom. Mmiliki hulipa mamia ya dola kwa kila saa ya kuruka kwa injini zote mbili, na wakati wa matengenezo ukifika bili inakuwa ya mpango.

Ndege iliyo kwenye mpango na ndege isiyo kwenye mpango si bidhaa moja, hata zikiwa zimetoka kiwandani wiki moja. Tangazo likisema kwamba injini zimo kwenye mpango, uliza maswali matatu kwa maandishi: salio limelipwa hadi tarehe gani, mkataba unahamishika kwa mmiliki mpya au unaanza upya, na unafunika kutu na uharibifu wa vitu vya nje au haufuniki. Mikataba mingi pia huweka idadi ya chini ya saa kwa mwaka. Ukiruka saa 80 na mkataba ukadai malipo ya idadi kubwa zaidi, unalipia hewa. Kwa mmiliki wa Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa, swali la kutu ndilo la kwanza, kwa sababu chumvi ya bahari haisubiri saa za kuruka. Inafanya kazi usiku na mchana ndege ikiwa imeegeshwa.

Miaka michache iliyopita niliambatana na mnunuzi kwenda kuitazama CJ3 moja kusini mwa bara hili. Rangi ilikuwa mpya, ngozi ya viti ilinukia duka, na bei ilikuwa chini ya nyingine zote zilizokuwa sokoni kwa karibu dola nusu milioni. Tulipoketi na madaftari ya kumbukumbu za ndege, injini ya kushoto ilikosa kumbukumbu za miezi 26. Muuzaji alieleza kwamba zilipotea wakati wa kuhama ofisi, na huenda alisema kweli. Fundi tuliyekuja naye, mtu wa maneno machache, alifunga faili na kusema kwamba ndege haina umri anaoweza kuutia sahihi. Tuliondoka. Ilimwuma mnunuzi siku ile, kwa sababu alikuwa ameshaipenda ndege, lakini mashine ambayo historia yake ina pengo huwezi kuiuza Marekani kwa bei ya soko, huwezi kuiingiza kwenye mpango wa injini bila ukaguzi wa gharama kubwa, na unalala ukiwaza ni nini kilichofanyika katika miezi hiyo.

Kwa hiyo ukaguzi wa kabla ya kununua ufanyike kwenye karakana unayoichagua wewe, isiyokuwa ile inayoitunza ndege kwa mwenye nayo sasa. Injini zitazamwe ndani kwa kamera nyembamba. Kwenye Phenom, uliza ukaguzi mkubwa wa mwaka wa kumi umefanyika wapi na lini: ndege ya 2011 iliyopaswa kuufanya 2021 lazima iwe na karatasi nzima ya kazi hiyo, na ndege inayoukaribia ipunguzwe bei kwa kadiri ya gharama yake. Kwenye CJ3, ambazo za kwanza sasa zimepita miaka 20, tafuta kutu chini ya sakafu ya chumba cha abiria na kuzunguka choo, na kagua mipira ya kuvunja barafu kwenye mkia, kwa maana CJ3 huyeyusha barafu ya mabawa kwa hewa moto ya injini lakini mkia hutegemea mipira inayovimba, ambayo jua huichakaza. Phenom hutumia hewa moto kwenye mabawa na mkia.

Kwa upande wa vyombo, ndege zote mbili zinazidi kilo 5,700, uzito ambao juu yake viwango vya kimataifa hudai kifaa cha kuzuia migongano angani kwa ndege zinazobeba umma kwa malipo. Hakikisha pia kwamba kuna kifaa cha kutangaza mahali ndege ilipo, kilicholazimishwa katika anga kubwa ya Marekani kuanzia tarehe 1 Januari 2020. Ndege ambayo hakikufungwa imekaa nje ya soko hilo kwa muda mrefu, na inafaa kuulizwa kwa nini.

Gharama ya kuishi nayo

CJ3 hutumia takriban lita 570 za mafuta kwa saa na Phenom takriban lita 645. Kwa mmiliki wa saa 200 kwa mwaka hiyo ni tofauti ya karibu lita 15,000, kiasi ambacho hupungua kidogo kwa sababu Phenom hufika mapema. Mafuta hayapaswi kuwa kigezo cha kuamua kati ya hizi mbili. Mshahara wa marubani, mafunzo yao ya kila mwaka nje ya nchi, bima, banda la kuegesha na ada za ramani za vyombo hulipwa ndege ikiruka au ikilala, na humlemea sana mwenye saa chache. Maoni yangu ni kwamba aliye chini ya saa 100 kwa mwaka akodishe ndege za watu wengine, na akaunti yake itamshukuru.

Matengenezo makubwa ya ukanda huu hufanyika zaidi Lanseria, karibu na Johannesburg, ambako kuna karakana zenye uzoefu wa jeti ndogo. Panga bajeti ukijua kwamba ukaguzi mzito unajumuisha safari ya kwenda na kurudi, na siku ambazo utalazimika kukodisha ndege nyingine. Kipuri kikikosekana, CJ3 ina faida ya kuwa sehemu ya familia kubwa na ya zamani, na vipuri vilivyotumika vyenye karatasi sahihi hupatikana kwa urahisi zaidi.

Bei, msimu na usajili

Zaidi ya CJ3 400 zilitengenezwa kabla ya CJ3+, na familia ya Phenom 300 ilivuka ndege 500 mwaka 2019. Kuanzia 2012 Phenom imekuwa jeti ndogo inayowafikia wanunuzi wengi zaidi mwaka baada ya mwaka. Phenom ya umri uleule huuzwa ghali kuliko CJ3, kwa pengo linalohesabiwa kwa mamilioni ya dola, na hupoteza thamani polepole. Sehemu ya umaarufu huo umetokana na kampuni za kugawana umiliki: NetJets iliagiza ndege 50 mwaka 2010, ikiwa na hiari ya kuongeza 75. Hizo sasa hujitokeza sokoni zikiwa na maelfu ya saa, karatasi safi na bei ya chini. Usizikimbie kwa sababu ya saa peke yake, kwa kuwa ndege inayoruka kila siku na kutunzwa kwa ratiba mara nyingi huwa na afya kuliko iliyoachwa kwenye banda lenye unyevu, lakini piga hesabu ya umbali uliobaki hadi saa 5,000 za injini.

Soko la ndege hizi liko Marekani, na hufuata sheria za kodi za huko. Mabadiliko ya 2017 yaliruhusu mnunuzi wa kibiashara kukata thamani yote ya ndege iliyotumika katika mwaka wa kwanza. Nafuu hiyo ilianza kupunguzwa 2023, kisha sheria ya Julai 2025 ikairudisha kikamilifu. Matokeo yake, miezi ya Oktoba hadi Desemba wanunuzi wa Marekani hukimbizana, karakana hujaa, na wauzaji hukataa masharti. Wewe usiyefaidika na kodi hiyo huna sababu ya kuingia kwenye msongamano huo. Nunua kati ya Februari na Juni, wakati muuzaji ana muda wa kukusikiliza.

Amana ishikwe na kampuni ya kati, na nyingi zenye uzoefu ziko Oklahoma City, jirani na ofisi ya usajili wa ndege ya Marekani. Mkataba useme wazi kwamba amana inarudishwa hadi utakapotia sahihi kuikubali ndege baada ya ukaguzi. Kenya na Tanzania zote zimejiunga na Mkataba wa Cape Town, mkataba wa kimataifa kuhusu haki za wenye madai juu ya ndege, hivyo madai juu ya ndege yanaweza kutafutwa kwenye rejesta ya kimataifa iliyoko Dublin, na benki inayokukopesha itataka dai lake liandikwe humo. Ukiibakiza kwenye usajili wa Marekani wakati wewe si raia wa huko, utahitaji mdhamini wa Marekani anayeishika kwa niaba yako. Hilo husaidia siku ya kuuza. Ukitaka kuikodisha kwa umma hapa, zungumza na mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya kununua, kwa sababu ndege italazimika kuingia kwenye cheti cha mwendeshaji aliyeidhinishwa, na mabadiliko ya usajili yana gharama zake. Swali la kodi ya kuingiza ndege nchini lijibiwe na mamlaka ya mapato kwa maandishi, si na rafiki aliyeingiza yake miaka iliyopita.

Ningechagua ipi

Kwa mmiliki wa saa 100 hadi 180 kwa mwaka, anayesafiri na watu watatu au wanne, ambaye safari zake nyingi ni za ndani ya Afrika Mashariki na mara mojamoja Lubumbashi au Johannesburg, ningenunua CJ3 ya 2008 au baada ya hapo, iliyo kwenye mpango wa injini tangu kiwandani, na tofauti ya bei ningeiweka benki kwa ajili ya matengenezo. Mtu huyo akinunua Phenom atakuwa amelipia kasi anayoitumia mara nne kwa mwaka.

Kwa kampuni inayosafirisha watu sita, inayokwenda kusini kila mwezi, au inayotaka ndege ipokee wateja wa kukodi ili isaidie kulipa gharama zake, ningenunua Phenom 300 bila kusita. Mkodishaji huuliza kwanza chumba cha abiria, mizigo na choo, na katika yote matatu Phenom iko mbele. Kwa anayevutwa na bei ndogo za Learjet 45 au Beechjet 400A, ninatoa tahadhari fupi: zote mbili zinahitaji marubani wawili, uzalishaji wa Learjet ulifungwa 2022, na ile pesa uliyoiokoa siku ya kununua itadaiwa na karakana.

Fikiria pia siku ya kuiuza, tangu siku ya kuinunua. Mnunuzi wako wa baadaye yumkini yuko Texas au Florida, na atakuwa na mashaka na ndege iliyoishi Afrika, hata kama imetunzwa vizuri kuliko yake. Mashaka hayo hupungua ukiwa na madaftari ya Kiingereza yasiyo na pengo, nakala za kidijitali za kila ukurasa, mpango wa injini uliolipwa bila kukatika, ukaguzi mkubwa uliofanywa na karakana inayotambuliwa na mtengenezaji, na picha za kila mwaka zinazoonyesha kwamba hakuna kutu. Usisubiri akufuate huku. Anga ya Sudan ilifungwa Aprili 2023, na njia ya kurudi kaskazini imekuwa ndefu zaidi, lakini CJ3 na Phenom zote zinaweza kupitia Djibouti, Misri, Ulaya, Keflavík (Iceland) na Goose Bay (Kanada) kwa kusimama kuongeza mafuta. Ipeleke mwenyewe na uiweke kwenye karakana yenye jina kabla ya Septemba kwisha, ukaguzi ukiwa mpya, ili Wamarekani wanapoanza kukimbizana na kodi zao mwezi Oktoba ikute imeshaoshwa na bei yake imeshatangazwa.